Bustani ya Vyuma ya Talaso Yapata Wageni

Jumamosi, mtaa wa Wabera, Isiolo. Jua limeamka na hasira zake, na upepo umeamka kabla yake.

Kwa unyenyekevu mkubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa kina, ninatangaza rasmi kwamba leo nimevaa soksi.

Ninyi mnaosoma mkiwa Nyeri au Limuru hamwezi kuelewa uzito wa jambo hili. Isiolo, kiangazi kikiwa hivi, soksi huvaliwa mbele ya mashahidi. Miguu yenyewe ilishangaa. Lakini mpwa wangu Talaso alikuwa anafungua bustani yake ya sanamu, wageni walikuwa njiani kutoka Nairobi, na mimi nilikuwa nimepewa cheo cha kusimama langoni. Akaniomba, mjomba, angalau leo usionekane kama mtu aliyetoka kulisha kuku. Nikamwambia sina kuku. Akasema ndiyo maana watu hushangaa.

Sijawahi kuiandika hii bustani hapa. Nilikuwa nangoja nijue kama ni habari njema au msiba.

Talaso ni binti wa dada yangu mkubwa, Halima. Alijifunza kuchomelea vyuma kwa fundi wa mageti hapa mjini, na akawa fundi mzuri, watu wakamsifu. Halafu siku moja akatengeneza geti ambalo halikuwa la kufungua wala kufunga kitu chochote. Lilisimama tu. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Tangu siku hiyo ploti ya mama yake, ile iliyo mwisho wa mtaa, pale nyumba zinapoishia na miiba inapoanza, imekuwa ikijaa vyuma. Springi za malori, ekzosi, mapipa yaliyopasuliwa, rimu za baiskeli, minyororo ya kufungia mizigo. Anavikata, anavipinda, anaviunganisha, halafu anavisimamisha juani kama wanafunzi waliochelewa.

Viko vya aina mbili. Kuna watu: mwanamke aliyejitwika mitungi, mzee aliyeketi kwenye kigoda, majirani wawili wanaosengenyana vichwa vikiwa karibu. Hao ni rahisi. Hata mimi nawatambua, na wale wa kusengenya nawajua kwa majina. Halafu kuna vile ambavyo si kitu. Talaso hapendi niseme si kitu. Anasema ni sanaa dhahania. Nimelikubali neno hilo kwa moyo mmoja, maana ni neno zuri kwa kitu kisichoeleweka, na nimeanza kulitumia hata kwa mipango ya kaunti.

Dhahania kubwa kuliko zote iko katikati ya ploti. Ni springi za lori zilizosimama na kuinamiana kama mbavu, ndefu kuupita mlango wa nyumba yangu, na kati yake inaning'inia minyororo. Ameipa jina Mvua Iliyokataa.

Mimi ni fundi wa redio. Nimezoea vitu vinavyoonekana vimekufa. Kwa hiyo nitakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: jioni nyingine, nikifunga kibanda changu, napitia pale na kusimama mbele ya Mvua Iliyokataa. Naiangalia, na kifuani napata ile hali ya kuona mawingu yamekusanyika upande wa milima ya Nyambene, meusi, yamejaa, halafu yanageuka na kurudi Meru na mvua yao. Springi za lori zinanifanya niwaonee Wameru wivu. Sijui amefanyaje.

Halima hakuwahi kuona mawingu yoyote pale. Aliona springi.

Msimwelewe vibaya dada yangu. Ni mwanamke wa maziwa ya ngamia. Alfajiri yuko barabarani kupokea mitungi, mchana yuko sokoni, na katikati yake anaswali na kugombeza watu. Amewalea watoto wake kwa maziwa hayo, na kitu kisichotoa maziwa wala kubeba maziwa hukitazama kwa mashaka. Alimwekea binti yake sharti moja tu la dini: sanamu za watu zisiwe na nyuso. Talaso akakubali bila ubishi. Ndiyo maana yule mwanamke wa mitungi ana kichwa laini kama sufuria iliyogeuzwa. Halima alipoonyeshwa, na ni wazi kwa kila mtu kwamba ni yeye, alizunguka nyuma, akatazama muda mrefu, akasema mgongo wake hauko hivyo.

Sasa, kuna bwana mmoja mwenye malori ambaye kwa muda mrefu ameitaka ile ploti. Anataka mahali pa kuyaegesha. Amekuja kunywa chai kwa Halima mara nyingi mno kwa mtu asiyependa chai. Juzi Halima akamwambia aje leo jioni achukue jibu. Na sote tulijua jibu. Bwana wa malori akipewa ploti, vile vyuma vinapelekwa kwa wanunuzi wa skrepu, na Mvua Iliyokataa inageuzwa kuwa nondo kwenye nyumba ya mtu.

Talaso alilia. Alibembeleza. Akamletea mama yake picha za bustani kama hizo za nchi nyingine. Halima akasema nchi hizo zina nyasi.

Mwishowe akampa nafasi moja, tukiwa tumekaa wote jikoni kwake, na maneno yake nayakumbuka yalivyo: "Nionyeshe mtu mmoja tu asiye ndugu yetu, asiyefuata pilau, aliyetoka kwake akaja hapa kwa sababu ana haja na hivi vyuma. Mmoja tu, Talaso. Nitanyamaza mpaka naingia kaburini."

Halima kunyamaza. Hiyo peke yake ilikuwa sababu tosha ya sisi wengine kuombea bustani.

Basi tukatangaza. Talaso alipeleka tangazo kwenye redio moja ya hapa, kwa Kiborana na kwa Kiswahili, nami nikamsaidia kulifupisha, maana redio haipendi maelezo. Likawa hivi: kuna vyuma vipya, vikubwa, vimesimamishwa mwisho wa Wabera, vitafunguliwa Jumamosi, watu wote mnakaribishwa, hakuna kiingilio. Niliona ni tangazo safi. Bado naona hivyo.

Asubuhi wageni wa Nairobi walifika. Mhadhiri mmoja wa sanaa, mwenye shali shingoni katika joto hili (nikasahau soksi zangu kabisa, nikamhurumia), na wenzake wachache wenye kamera. Watu wema. Walisalimia kila mtu mara mbili. Mhadhiri alisimama mbele ya mwanamke wa mitungi asiye na uso na kueleza kwa sauti ya taratibu jinsi msanii anavyotuonyesha wanawake walionyang'anywa utambulisho wao. Mwenye utambulisho alikuwa hatua chache nyuma yake, anapakua pilau, na hakuna aliyewahi kumnyang'anya kitu akabaki salama.

Majirani nao walikuja kwa wingi. Walikula. Wakamwuliza Talaso kama bado anatengeneza mageti. Wakavuta mikeka kwenye kivuli cha ukuta na kukaa wakiwa wamezipa sanamu mgongo, kwa sababu kivuli kilikuwa upande huo.

Halima alikuwa anahesabu kwa macho. Nilimwona. Ndugu. Ndugu. Pilau. Ndugu aliyefuata pilau. Nikamsogelea nikamwambia, kwa unyonge, na wale wa Nairobi je? Akasema wale ni kazi yao, ni kama daktari kwenda hospitali, hiyo si haja.

Nikarudi langoni kwangu.

Kufikia Adhuhuri Talaso alikuwa ameacha kuongea na watu. Alichukua kitambaa akaanza kufuta chuma ambacho hakikuwa na vumbi. Nilimtazama kutoka langoni. Ana miaka thelathini na ushee, mikono imejaa alama za cheche, na alikuwa anafuta ile springi kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya kumpeleka mahali asikotaka kumpeleka. Soksi zilinibana. Tuseme ni soksi.

Tulirudi kutoka kuswali, nikasimama tena kwenye cheo changu, na barabarani nikaona vumbi.

Walikuwa ngamia. Mbele yao mwanamume mrefu wa Kiturkana, fimbo mabegani, redio ndogo imefungwa kiunoni kwa kamba. Jina lake, nilikuja kujua, ni Ekiru, na alikuwa ametembea kutoka upande wa Kipsing, akalala njiani. Alisimama langoni, akachungulia ndani, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha ambayo sijaiona kwa mgeni yeyote siku nzima.

"Habari ya hapa, mzee."

"Nzuri. Karibu."

"Ni hapa wanapaka ngamia dawa?"

Ilibidi anieleze. Redio ilisema kuna vyuma vipya, vikubwa, vya watu wote, bure, naye akajua ni vya kaunti, vya kutibia mifugo. Na jamaa wa boda aliyekutana naye karibu na mjini akamwambia ndiyo, amevipita mara nyingi, vinanuka oili.

Hapo nikaelewa, na ninyi msio wa huku ngoja niwaeleweshe. Ngamia akishikwa na upele, wafugaji wengi hapa huenda gereji kuomba oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini. Wanafunga kitambaa kwenye kijiti na kumpaka ngamia. Ngamia hapendi. Anapiga teke, anatema, anapiga kelele mpaka mtaa wa pili, na mwisho wa kazi mwenye ngamia ni mweusi kuliko ngamia. Sasa Talaso, kwa sababu zake za kisanii, hupaka oili hiyohiyo kwenye vyuma vyake ili visishike kutu. Kwa hiyo Ekiru alikuwa mbele ya vyuma vyenye kimo cha ngamia, vilivyopindwa kama mbavu za ngamia, vimelowa oili, na ngamia anaweza kupita katikati akajipaka mwenyewe. Ni wazi ilikuwa josho. Josho la ngamia. Akasema mambo mazuri sana kuhusu kaunti, mambo ambayo sijayasikia hata kwa watu walioajiriwa na kaunti.

Nilifungua mdomo nimweleze ukweli. Nia nilikuwa nayo.

Halafu nikatupa jicho kule kivulini alikokaa dada yangu. Nikamrudia Ekiru. Si ndugu yetu. Hajui kama kuna pilau. Ametoka kwake, akalala njiani, kwa sababu ana haja na hivi vyuma.

"Ni hapa," nikamwambia, nikalifungua lango lote.

Ngamia hawana haraka ya kuingia kwenye maonyesho. Jike lililotangulia, kubwa, rangi ya mchanga, lilimnusa yule mwanamke wa mitungi kuanzia chini mpaka kwenye sufuria ya kichwa, likapita. Mzee wa kigoda halikumwangalia. Wasengenyaji lilipita katikati yao, jambo ambalo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kulithubutu. Likaenda moja kwa moja kwenye Mvua Iliyokataa, likaingia kati ya springi, likaegemea.

Minyororo ikalia.

Watu kivulini wakageuka, wote kwa pamoja. Ngamia akasukuma bega, springi ikainama, ikarudi. Akasukuma tena. Springi za lori zimezaliwa kwa kazi hiyo, zinabeba mizigo kutoka Mombasa hadi Moyale, bega la ngamia kwao ni salamu. Ile dhahania yote ikaanza kuyumba polepole, mbavu moja baada ya nyingine, minyororo ikimiminika mgongoni mwa yule mnyama kwa sauti ambayo, wallahi, ilikuwa sauti ya mvua kwenye mabati. Ngamia akafumba macho. Mdomo wa chini ukaning'inia. Wengine wakaja nyuma yake wakisukumana.

Talaso alinijia mbio. "Mjomba, umefanya nini?"

Nikamwambia nimefanya kazi yangu, mimi ni mtu wa lango.

Alitaka kwenda kuwafukuza. Alipiga hatua moja, akasimama. Akasimama vilevile, kitambaa mkononi. Nadhani hakuwa amewahi kukiona kile kitu kikitembea. Amekichomelea, amekisimamisha, amekipaka, na siku zote kilikuwa kimenyamaza. Sasa kilikuwa kinacheza. Nilimwona akishika kichwa kwa mikono yote miwili, kitambaa cha oili na kila kitu, na nikangoja machozi. Ilikuwa ni kicheko. Alicheka mpaka akachuchumaa.

Majirani walikuwa wamegeuza mikeka. Mhadhiri alikuwa amepanda juu ya pipa akipiga picha, shali inapepea, anasema kwa mara ya kwanza maishani mwake ameona hadhira ikiingia ndani ya kazi ya sanaa. Ekiru akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule ndiye daktari wa mifugo. Nikamwambia hayuko mbali sana na hapo.

Ndipo Halima akainuka.

Aliacha kijiko cha pilau ndani ya sufuria. Alipita mbele ya mgongo wake mwenyewe wa chuma bila kuutazama, akaenda kwa yule ngamia jike, akamwekea mkono shingoni, akafunua manyoya kwa vidole, akanusa. Akamwuliza Ekiru, baba, huu upele una muda gani, na huyu anakamuliwa, na anakupa maziwa kiasi gani. Wakaongea. Waliongea kama watu waliokutana kwenye harusi na kugundua wanajuana. Sanaa haikutajwa.

Dume la Ekiru, kubwa kuliko wote, lilikuwa linajaribu kukuna nundu yake na halikufika vizuri. Lilijipinda, likalalamika. Halima akalitazama dume. Akaitazama springi. Akamwita binti yake.

"Hiki unaweza kukiongeza urefu?"

Talaso akajikaza, oili usoni. "Mama, hii ni sanaa."

"Sijasema si sanaa. Nimesema ni fupi."

Talaso akaipima nundu ya dume kwa macho. Kisha akasema anaweza. Akasema kwa upande ule angeweka hata springi za trela. Akaanza kuonyesha kwa mikono jinsi zitakavyopinda juu, Ekiru naye akaingilia kuonyesha nundu inapofikia, Halima akasema minyororo iongezwe upande wa mbavu. Nikawa natazama dada yangu na binti yake wakibishana juu ya umbo la Mvua Iliyokataa, wote wawili vidole hewani, jambo ambalo halijatokea tangu umbo hilo liwepo. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa kazini.

Bwana wa malori alikuja saa kumi, akiwa amevaa kanzu safi kwa ajili ya jibu lake. Lango lilikuwa wazi na halikuwa na nafasi. Ndani kulikuwa na ngamia weusi nusu, watoto wa mtaa mzima, watu wa Nairobi, na majirani waliokuwa wamerudia pilau. Alimtafuta Halima kwa macho. Halima akamwona, akampungia mkono, akamwambia kwa upole kabisa, "Pole, ndugu yangu. Ploti ina kazi."

Akampa sahani ya pilau. Akala amesimama.

Sasa ni jioni. Soksi nimezivua, nitazisahau polepole. Nimekaa mlangoni na kikombe cha chai, na kutoka mwisho wa mtaa bado nasikia minyororo, maana Ekiru amepewa ruhusa ya kulala pale na ngamia wake, na Talaso amegoma kurudi nyumbani. Amewasha taa, anapima springi. Amekuwa akiimba tangu Maghrib, na hajui kuimba, na hakuna anayemnyamazisha.

Najiuliza kitu. Mimi nilikuwa naiangalia ile Mvua nikiwaza mawingu, nikajiona mtu wa maana. Mhadhiri aliiangalia akaona mambo makubwa. Halima ameiangalia kwa mara ya kwanza leo, na ameona mahali pa kukuna nundu. Kati yetu watatu ni yeye aliyeigusa. Je, kitu kikipendwa kwa sababu isiyo yake, kimependwa au hakijapendwa? Nimelizungusha swali hili kama redio inayotafuta stesheni, na kila nikifika karibu na jibu nasikia Talaso akiimba, naacha.

Vyuma vinabaki. Dada yangu ameahidi kunyamaza, na mpaka sasa, kwa upande wa sanaa, amenyamaza. Ameshatuma habari kwa wafugaji wake wote wa maziwa mpaka Garbatulla, kwamba Wabera kuna dawa ya upele, bure, ngamia anajipaka mwenyewe.

Nilipotoka msikitini nilikutana na jirani yangu ambaye ni daktari wa mifugo, daktari wa kweli. Nikamsimulia yote tangu mwanzo, na akacheka mahali pote pa kucheka.

Halafu akaniambia oili chafu haiponyi upele. Inachubua ngozi. Upele wa ngamia unatibiwa kwa sindano.